Pumzi ya Mwenye Jina Lako

Kisangani, Mangobo
11 Februari 2001

Mpendwa Yaya Apollinaire, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na mke wako Annette na wote wa Butembo. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Kabla hujaendelea, geuza bahasha uitazame: niliifunga kwa nta ya mshumaa. Kama nta imevunjika, basi Hubert aliyekuletea barua hii amekwisha kuisoma. Siku hizi mtu namwamini nusu tu.

Mwezi uliopita muuguzi mmoja, Mama Euphrasie, alikuja parokiani na mwanasesere wa mpira asiye na nywele. Alitaka kutufundisha akina mama kumrudishia pumzi mtoto mchanga aliyeacha kupumua: unamlaza chali, unamfunika mdomo na pua kwa mdomo wako, unampulizia kidogo kidogo, unabonyeza kifua kwa vidole viwili. Sawa. Lakini mbona alikuwa na daftari? Jina la mama, jina la mtoto, avenue, yaani mtaa wa nyumba. Yaya, wenye bunduki wamebadilika mara ngapi katika mji huu? Orodha haijawahi kutuletea sukari. Nikasema naitwa Tania, nikatoka kabla ya zamu yangu. Jirani yangu Claudine, muuza samaki, mtu wa kuja kutoka Isangi, alibaki mpaka mwisho. Hata hilo nililitilia shaka.

Jumanne asubuhi niligeuka kumpimia mteja chumvi. Mwanangu mwenye jina lako, ambaye sasa anatambaa, akaanguka kichwa ndani ya beseni la maji ya kufulia nguo. Nilipomtoa alikuwa amelegea, midomo ya buluu. Nikamshika miguu, kichwa chini, nikamtikisa kama tulivyozoea. Claudine akaja mbio, akaninyang'anya, akamlaza juu ya meza ya chumvi na kumfunika uso kwa mdomo wake.

Nisikufiche. Niliona mwanamke anamnyonya mwanangu pumzi ya mwisho. Nikamvuta kitambaa cha kichwa nikipiga kelele, "Ndoki! Mchawi! Anakula mutoto wangu!" Avenue nzima ikajaa kwetu. Yeye aliinua kichwa mara moja tu: "Kahambu, utanipiga baadaye. Sasa acha mutoto apumue."

Akapuliza, akabonyeza, akapuliza tena. Mtoto akatapika maji, akalia. Nilikaa chini palepale kwenye tope nikalia naye.

Lakini neno likitoka halirudi. Watu wanasema Claudine alimrudishia mtoto nusu ya pumzi, nusu kaiweka kwa siku nyingine. Mlango wake umepigwa mawe mara mbili, na samaki wake hawanunuliwi. Nimepita nyumba kwa nyumba kusema nilikosea. Wananijibu kwa huruma, "Masikini, na mama amerogwa." Naogopa siku moja hayatakuwa mawe tu.

Nilirudi kwa Mama Euphrasie, nikafuta Tania, nikaandika Kahambu. Daftari lake nililikagua ukurasa kwa ukurasa, usidhani nimegeuka mjinga. Ni majina ya mama na watoto tu. Kisha nikambonyeza yule mwanasesere mpaka vidole vikauma.

Claudine ananisalimia, ila haingii tena kwangu. Jana mtoto alitambaa hadi mlangoni kwake, akanyoosha mikono abebwe. Claudine akaficha yake mgongoni, akaniita nije kumchukua. Yaya, naona haya hadi leo.

Kwetu mwenye jina alilopewa mtoto ana neno juu yake. Basi mwandikie Claudine barua kwa mkono wako, umshukuru, useme wewe ndiye Apollinaire mkubwa na pumzi ya Apollinaire mdogo iko nzima. Nitaisoma mbele ya avenue yote. Neno langu mimi nimeliharibu mwenyewe.

Nisalimie mzee wetu Tonton Élie na Annette. Mungu awalinde na njia mbaya, awape usingizi usio na mlio wa bunduki.

Dada yako akupendaye,
Kahambu

Nilisahau: hiyo ya Claudine usiifunge kwa nta. Iache wazi, hata Hubert aisome.