Aliyebomoa Tanuru la Naviundu

Naviundu, Lubumbashi
Mwezi wa saba

Yaya Stanislas, kaka yangu,

Nakusalimia wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini huko Kolwezi mnaamka wazima na mnavuta hewa safi. Sisi hapa tupo, kama unataka kujua. Najua hutaki, ndiyo maana umenifungia simu yako. Kwenye kundi la ndugu siwezi kuyasema haya, utaona kwa nini. Basi nimeandika kama watu wa zamani na kumpa dereva wa basi bahasha.

Kipwa cha mwaka huu, miezi hii isiyo na mvua, kimekuja na baridi kali. Unalijua bonde letu: mvua zikishakatika, moshi wa asubuhi haupandi, unajilaza juu ya mto mpaka jua liwe kali. Zamani ulikuwa moshi wa makala ya kupikia na majani makavu. Tulikohoa kidogo, tukazoea. Mwaka huu wewe ukatuletea tanuru lako la matofali nyuma ya nyumba ya Mama. Tena ukamwamuru Guelord, mlinzi wako, achanganye kuni na matairi mabovu, eti kuni siku hizi zinatoka mbali. Tangu hapo nguo nikianika zinarudi nyeusi, na bukari, ugali wenyewe, tunaila na masizi.

Nilikuambia. Ukasema huo ni moshi wa viwanda, si wako. Nikakuambia mwanangu Keren kifua kinambana, hawezi kumaliza hata sala ya asubuhi, na muuguzi amesema mtoto aondolewe kwenye moshi. Ukawatangazia ndugu wote kwamba nina wivu, sitaki Mama ajengewe nyumba ya matofali ya kuchoma. Kila ulipopiga simu ulimtaka Mama awe shahidi wako. Naye, kitenge mdomoni, alikujibu vilevile: "Niko muzuri, mutoto yangu." Neno hilo ukalifanya fimbo ya kunichapia. Hukujiuliza hata mara moja kwa nini sauti yake imekwaruza.

Sasa tanuru limebomolewa, nawe unataka jina. Hata asiyewahi kufyatua tofali anajua kwamba tanuru likishawaka midomo yake hufungwa kwa udongo na haliguswi mpaka lipoe lenyewe. Hili lilifunguliwa likiwa bado jekundu tumboni, asubuhi ya Jumapili yenye baridi. Upepo ukaingia, matofali yakapasuka. Nilifurahi, sikufichi. Nilidhani ni majirani waliochoka, nikawaombea baraka zote za mbinguni.

Wewe ukaagiza Guelord atiwe kasho ya polisi. Jumapili ile alikuwa misani, na watu wa kwaya wamesema walimwona, lakini hukutaka kusikia. Kisha ukatuma sauti yako kwenye kundi. Uliapa kwa jina la marehemu Baba kwamba aliyebomoa, awe nani awaye, hatakanyaga nyumba ile ya matofali, na siku akifa hutafika kwenye kilio chake wala kutia udongo kaburini mwake. Najua ulidhani ni mimi.

Niliifungulia sauti hiyo uani kwa nguvu, Mama asikie maneno ya mwanawe kipenzi. Alikuwa anachekecha unga. Mikono ikasimama. Akaniuliza: "Stanis hatakuya ku kilio yangu?" Nikamwambia hapana, Mama, anamsema mbomoaji. Akaweka chekecheo chini, akanieleza.

Ni yeye, Stanislas. Asubuhi ile nilikuwa nimembeba Keren mbio kwenda kituo cha afya, midomo yake imebadilika rangi. Mama alibaki peke yake. Akachukua jembe lake la shamba, akashuka bondeni, akaubomoa udongo mdomo mmoja baada ya mwingine huku moshi ukimpiga usoni. Mama yetu Albertine, ambaye hajawahi kukunyima kitu tangu ulipozaliwa. Matofali uliyosema ni yake ameyapasua yeye mwenyewe, na wewe umemwapia kaburi lake. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Keren anapumua, Mungu asifiwe. Mama ndiye sasa hawezi kulala chali. Nimepata chumba cha kupanga Kasungami, juu, mbali na mto, nitahamia huko naye na Keren, na nyumba yako ibaki bila kuta.

Kwanza mtoe Guelord, leo hii. Pili, panda basi. Kwetu kiapo cha kilio hakifutwi kwa simu, unajua. Aliyekitoa huja mwenyewe, hutia maji mdomoni mbele ya aliyemwapia, huyatema chini na kuyarudisha maneno yake. Usimtume mtu. Usingoje mvua. Kifua cha Mama hakitazingoja.

Wasalimie watoto, wao hawana kosa. Nimemuuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake. Amekohoa, amepumzika, akasema nikuandikie kwamba yuko muzuri.

Mdogo wako,
Régine