Mlango wa Gari la Mama Uko Kushoto

Guangzhou, Jumapili, Aprili 1999.

Leo kuta zinatoka jasho. Ndio msimu wake: unyevu unaingia mjini, unakaa, hauagi. Soksi nilizofua Jumatano bado zinanitazama kutoka kwenye kamba.

Nilikuwa nimepanga kuandika hapa kwamba gari limekwisha. Halijakwisha. Na kusema kweli, gari lenyewe sijawahi kuliona kwa macho.

Nieleze, maana ukurasa huu una wasomaji watatu na mmoja ni mimi. Dada yangu Tula, aliyeko Sumbawanga, amenunua gari dogo la abiria lililotumika, la kutoka Japani, lile lenye umbo la mkate wa boflo. Ila hili magurudumu yake yote manne yanavuta. Shemeji ana gereji. Amelinyanyua kwa springi ndefu, amelivalisha matairi ya meno makubwa, akalifungia bamba la chuma chini ya tumbo ili mawe yasilitoboe. Mimi ninayenunua nguo huku na kuzipeleka nyumbani nimepewa upande wa ndani: vitanda, magodoro, mapazia, taa za betri na kabati la jiko. Gari la kulala porini, basi. Kila kitu kinatengenezwa hapa, kinapakiwa bandari ya Huangpu, kinashuka Dar, kisha kinakwenda kupachikwa mahali pake kama meno ya bandia.

Yote haya ni kwa ajili ya Mama.

Macho yake yanafunga. Yanafunga kutoka pembeni, anasema ni kama kuchungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari amemwambia kilichokwenda hakirudi. Mama akasikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani na kutangaza kwamba anataka kushuka bonde la Rukwa kuviona visima vya Baba. Hataki kusimuliwa. Anataka kuona maji yakitoka.

Njia ya kushuka kule ni ya kiangazi tu. Kontena letu linafungwa Jumatano. Likiondoka Jumatano, Julai Mama yuko bondeni. Likituacha, lijalo linahitaji miezi kujaa, halafu mvua, halafu mwaka mwingine. Na mwaka mwingine hakuna aliyetuahidi kitu kuhusu macho hayo.

Baba alikuwa fundi wa visima wa serikali. Shule zikifungwa alitubeba wote nyuma ya gari la idara, katikati ya mabomba. Usiku turubai linashushwa, mimi na Tula tunalala mzungu wa nne, miguu yake puani kwangu. Mpaka leo nikinusa grisi napata usingizi. Asubuhi Mama tayari yuko nje na sufuria ya uji, anagombana na moshi, na Baba anapiga mluzi wimbo uleule wa kanisani, akiukosea palepale siku zote. Hatukujua kwamba ile ni shida. Tulidhani ndiyo likizo.

Nadhani ndiyo maana nililipenda lile kabati kuliko vitu vingine. Nilitaka Mama apike amesimama, bila moshi, sufuria zikiwa zimekaa kwa heshima zao.

Kwa kuwa sina gari, nililichora. Kwenye sakafu ya stoo ninayochangia na Bi Saada, mfanyabiashara wa Unguja anayechukua mikoba kwenye viwanda vya Shiling, nilibandika utepe wa kahawia wa kufungia maboksi mpaka likatokea gari zima, ukubwa wake halisi. Vipimo nilivipata kwenye gari la umbo lilelile la wakala anayetupeleka bandarini. Bi Saada kwa wiki tatu amekuwa akilizunguka gari langu la utepe kwa adabu, kama mtu anayekwepa mkeka wa msikitini.

Seremala, Laoban Liang (laoban ni bosi, na hapa kila mwenye mlango wake ni bosi), hakuelewa kwa nini kabati liwe na makomeo ya chuma kama jela. Nilipomwambia barabara zetu zina matuta madogomadogo yanayotikisa mpaka fikra, alidhani namwonea. Basi tukalipakia kabati na sufuria zake kwenye toroli la magurudumu matatu, tukatoa upepo kwenye matairi ili litikisike zaidi, tukalipitisha kwenye vichochoro vilivyovunjika vya soko la nguo la Shahe, kati ya marobota ya suruali. Watu waliacha kupatana bei kututazama. Mlango mmoja ulifunguka, sufuria ikatoka ikaenda zake. Tukaongeza komeo. Safari ya pili hakuna kilichotoka ila jasho la Laoban Liang.

Leo mchana kabati likaletwa stoo. Nikaliweka mahali pake ndani ya utepe. Lilikaa kama limezaliwa pale. Nikamwita Bi Saada aje aone.

Akaja na kanga yake begani, akalizunguka gari, akataka kuingia. Akagonga ugoko kwenye kabati.

"Mlango u wapi?"

"Huku, Bi Saada. Zunguka huku kulia."

"Kulia kwa nani?"

"Kwa gari."

Akasugua ugoko wake. "Mwanangu, gari ya kwetu mlango wake wa abiria uko kushoto. Tunashukia kwenye majani, hatushukii barabarani. Sasa huyo mama'ko ataingilia wapi, dirishani?"

Nikamwambia nimepima mwenyewe, kwa mkono wangu.

"Umepima gari ya Mchina inayopita kulia. Lo. Ashukuriwe Mungu hukusomea urubani."

Nikatoa picha aliyonitumia Tula. Mama amesimama kando ya gari, mlango wa kusukuma uko wazi nyuma yake. Picha hii naitazama kila siku. Nilikuwa namtazama Mama. Mlango sikuutazama.

Uko kushoto.

Nilikaa juu ya robota. Kilichoniuma si kabati. Kilichoniuma ni kwamba nimekaa huku mpaka nimesahau nyumbani magari yanapita upande gani.

Vitanda havina kosa, vinageuka vizuri. Kabati haligeuki. Pembe yake ya nyuma imekatwa kufuata uvimbe wa gurudumu. Ukiligeuza lihamie ukuta wa pili, ule mkato unakwenda mbele na gurudumu linabaki halina pa kukaa. Kutengeneza jingine, Laoban Liang anataka siku kumi. Nilimweleza tatizo kwa mikono, akalitazama kabati, akanitazama mimi, akasema itakuwa rahisi zaidi tuhamishe barabara. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Sikumlaumu.

Siku kumi sina. Nina mpaka Jumatano.

Saa kumi na mbili jioni nilikwenda kwenye duka la simu. Kule ilikuwa saa saba mchana, wametoka misa, na Mama huwa anapumzika na Tula kwenye duka la Tula, palipo na simu. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Nikamwambia ama tusubiri kontena lijalo gari liwe kamili, ama vitu viondoke Jumatano bila jiko.

"Nani kakwambia nataka kupikia ndani ya gari?"

"Mama, nilifikiri ukipika nje moshi unakuumiza macho."

"Haya macho hayakuharibiwa na moshi. Nitapika chini, kama siku zote. Wewe unataka nipike kabatini kama panya?"

"Ni jiko la gesi, Mama."

"Ndiyo hivyo. Nilipuke nikiwa nimelala."

Nikasikia Tula anacheka huko nyuma. Kicheko kikapotea kwenye ule mvumo wa simu ya mbali, ambao unalipiwa sawasawa na maneno.

"Kwa hiyo hapo pa kabati patakuwa wazi?"

"Patakuwa wazi."

"Panatosha mtu kulala?"

"Labda mtu mwembamba."

"Wewe bado mwembamba?"

Katika mchoro wangu wote kulikuwa na kitanda cha Mama, cha Tula na cha Shemeji. Nilipanga kila inchi ya gari lile na sikujiwekea hata pa kukaa. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Julai ni mwezi wa oda kubwa, nilishawaambia wote kwamba haiwezekani. Nilikuwa natuma gari kama watu wanavyotuma salamu.

"Bado, Mama," nikasema.

"Basi acha hilo kabati huko huko."

Nimerudi stoo. Mimi na Bi Saada tumelisukuma kabati mpaka ukutani, na ameshasema ataweka mikoba humo, makomeo yale yamempendeza. Mahali pake nimebandika utepe mpya, mrefu, mwembamba. Nikalala ndani yake na viatu vyangu. Chali sienei. Kwa ubavu naenea.

"Umekuwa maiti?" Bi Saada akauliza kutoka mlangoni.

"Napima."

"Haya. Safari hii pima vizuri."

Kesho nakwenda Shahe kumwambia dada anayeniuzia suruali kwamba oda ya Julai ampe mwingine. Halafu nitatafuta godoro la nne, liingie kontena pamoja na mengine. Nitakapofika Sumbawanga nisije nikamtokea Mama pembeni kwa mzaha kama zamani. Nisimame mbele yake kabisa, nitulie hapo mpaka anione.