Kengele Hamsini za Elia

Nkoaranga, Jumamosi jioni, mwaka wa pili wa vita

Hakuna atakayeifikia hesabu ya Elia. Leo nimejua.

Mwaka jana kaka yangu Elia alikimbia kutoka mtoni hadi kanisani kengele ikipigwa mara hamsini tu. Askari aliyekuwa akitazama aliandika jina lake. Kesho yake walimchukua kubeba mizigo ya jeshi, na mpaka sasa hatuna habari zake.

Leo vijana wameshindana tena, askari akiwa palepale na daftari lake. Wote walikuja polepole, wameshikana mabega kama wazee waliotoka kunywa mbege. Kengele ikapita mia.

"Kimbieni, kobe ninyi!" mwalimu akafoka.

Yonasi, ambaye huwapita mbuzi mlimani, akajibu, "Miguu imelala leo, mwalimu."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Njiani akaniuliza, "Kwa nini mwanangu naye hakuchelewa?"

Mimi niliyemaliza shule bila kuthubutu kusoma mbele ya darasa, siku ile ya mwaka jana nilisimama kwenye kona ya mwisho nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka: kaza, kaka, kaza!

Alikuwa ameshaanza kupunguza mwendo. Aliniona, akacheka, akakaza.