Kaburi la Tundu

Ijumaa, 3 Oktoba 1997
Makaburini na mama tena. Ibra, hapa Omani, leo inachoma! Miaka ishirini na tano hajakosa Ijumaa hata moja. Makaburi yetu hayaandikwi majina — mwanamume mawe mawili, mwanamke matatu, basi. Babu, baba yake mama, aliondoka Unguja kwa chombo mama yu mdogo, hakurudi. Mama alipohamia hapa, kwao babu, mzee mmoja akamwonyesha kaburi: huyo ndiye. Akaamini.

Mama hutia kidole kwenye tundu la jiwe la kichwani, akasoma Fatiha, kisha akaimba. Si Kiarabu, si Kiswahili. Ukimuuliza, eti hufundishwa na aliyelala pale! Nami nasema uzee huo. Daktari kasema moyo wake umechoka, tusimshtue. Yeye kashausia: mnizike ubavuni mwa baba yangu.

Jumapili, 5 Oktoba
Alavi, fundi cherehani wa sokoni, Mmalabari wa India, kaleta gauni la mama. Mama yumo ndani anaimba. Fundi kaganda mlangoni, gauni mkononi — na yeye anaimba! Maneno yale yale.

Kasema ni wimbo wa kwao, wa mwaka 1921, Wamalabari walipoinuka juu ya Waingereza. Bibi yake aliuimba kwa siri, kwa kuogopa askari. Kaniuliza mama kaupata wapi. Nimjibu nini mie? Mama India hajaikanyaga. Naogopa, sisemi uongo.

Jumatano, 8 Oktoba
Alavi karudi na barua kuukuu. Herufi za Kiarabu, lugha ya kwao. Nikaisoma kwa sauti, sikufahamu neno. Akanifasiria.

Babu yake alikuwa katika hao walioinuka. Wenzake walishikwa, wakafungiwa ndani ya behewa la treni, wakafa makumi kwa kukosa hewa. Yeye alikimbia. Akapanda chombo mpaka bandari ya Sur, akalima mashamba ya watu hapa Ibra, akafa hapa hapa. Aliyemzika, Mmalabari mwenzake, ndiye aliyeandika: jiwe la kichwani lina tundu, kidole kinaingia.

Subhanallah! Ndilo jiwe la mama!

Alavi hataki ugomvi. Anataka amsomee Fatiha tu, amwandikie mama yake kuwa baba yake kapatikana. Mama yake ni kizee sasa, anangoja tangu utoto. Kama wangu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kaka Khattab kwenye simu: nyamaza, utamuua mama. Lo! Anakuja mara moja kwa mwezi, amri anazo za kila siku.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mama hawezi kusimama. Alavi kaja kuuliza kama tumekubali, nikamwambia angoje barazani. Mama kanikazia macho. Una nini wewe leo? Nikashindwa. Nikamwambia yote, huku nalia.

Akanifuta machozi. Kisha: "Najua, mwanangu. Tangu mwaka ule wa kwanza. Baba yangu akiimba paka walikimbia; wa pale anaimba vizuri."

Sasa kwa nini, mama? Miaka yote hiyo!

"Nilisema moyoni, nikimsomea baba wa mwenzangu, huenda na mwenzangu anamsomea wangu." Akanishika mkono, wake wa baridi. "Kamuulize fundi. Mama yake Ijumaa huenda wapi?"

Nimemuuliza. Kakaa kizingitini, kashika kichwa. Anasema kwao, karibu na pwani, lipo kaburi la mgeni, Mwarabu. Mama yake ndiye hulifagia. Nikamuuliza, Mwarabu wa wapi? Anasema hajui jina, hakuna aliyelijua. Wanajua tu alitokea Unguja.

Mama kasikia. Anashuka kitandani, peke yake, anatafuta buibui lake la makaburini —