Video ya Mama Akianguka

3 Machi

Kaka mpendwa,

Ninakuandikia kwa sababu moja: uiondoe mtandaoni video ya mama leo hii. Salamu zifuate nyuma: natumaini u mzima na shemeji hajambo. Mama ni mzima wa mwili.

Unajua jinsi anavyoendesha chekechea yake. Akihisi kifafa kinamjia husema, "Mwalimu analala," naye Mama Mdogo, msaidizi wake, hukipakata kichwa chake, na watoto hujilaza kwenye mikeka. Kwao ni mchezo. Wazazi huelezwa utaratibu huo tangu siku ya kuandikisha watoto. Wewe ulikuja kutusalimia, ukarekodi, ukamkata Mama Mdogo kwenye picha, kisha ukaandika: "Huanguka peke yake. Sambaza uelewa." Jana nusu ya mikeka ilibaki mitupu.

Kwa heshima, na kwa hasira,
Mdogo wako

6 Machi

Bi. Shahada, msomi wetu,

Huku hatujambo, shemeji yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikadhani nimeshtakiwa mahakamani. Sikiliza, mdogo wangu: maelfu ya watu wameisambaza. Kuna mama mmoja kaniandikia kwamba sasa hamfichi tena mwanawe. Hilo nalo si kitu? Mama Mdogo nilimkata kwa sababu alikuwa ananizibia uso wa mama. Wazazi watarudi tu. Huo ni upepo, utapita.

Kaka yako

9 Machi

Kaka,

Afya zetu ni njema, usiulize zaidi. Simdharau mama huyo wala mwanawe. Ninachouliza ni nani aliyelipia faraja yao, na kama aliombwa ruhusa. Hao maelfu walibonyeza kitufe wakaendelea na chai yao. Baba wa mapacha alikuja kuwachukua wanawe, simu mkononi. "Mwalimu, kumbe huwa unaanguka mbele ya watoto wetu na hakuna mtu mzima?" Mama Mdogo akamjibu, "Na mimi hapa ni mzimu?" Akawachukua hata hivyo. Wazazi wameitisha kikao. Wanataka chekechea ifungwe.

Mama hajakulaumu. Alisema tu, "Angeniuliza, ningevaa lile gauni la bluu." Tangu hapo hatoki nje, hata dukani ananituma mimi. Kazi ya miaka yake yote imo hatarini, nawe unanisimulia habari za upepo. Upepo haukushika simu, kaka. Uliishika wewe.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Sijui hata nikusalimu vipi. Nimeifuta. Sikujua mambo yamefika kwenye kikao. Video nzima bado ninayo, Mama Mdogo anaonekana vizuri kabisa. Niirushe hiyo, wauone ukweli?

Kaka yako

12 Machi

Kaka,

Tumeamka salama. Usirushe kitu. Kufuta kwako hakukugusa nakala zilizomo kwenye simu za wazazi, na mama hataki kuonwa akitetemeka na mtu mwingine hata mmoja. Mama Mdogo ulimkata kwa mkono wako. Utamrudisha kwa mdomo wako, kikaoni mbele ya wazazi, yeye na mama wakiwa wameketi wanakusikiliza. Maneno ya utangulizi usiyapambe. Sema ulichokata na kwa nini ulikikata. Wakikutukana, nyamaza, wakiuliza, jibu. Viti vyetu ni vya watoto, kwa hiyo utakaa hivyo hivyo, magoti kidevuni.

Mama nimemwambia kwamba utakuja. Alitoka nje kwenda kuanika mikeka.

Kikao ni chekecheani Jumamosi, saa nne kamili asubuhi.

Mdogo wako