Sorry ya Kipkurui

S.L.P. 61,
Kapkatet.
8 Juni 2025

Mpendwa dada Beverly,

Habari za Uingereza na baridi yenu? Mumeo Eugene na mtoto wanaendeleaje? Mimi nimenenepa kwa raha. Ndoa imenikubali kama majani chai yanavyokubali mvua.

Uliniambia huko mtu husema "sorry" akikukanyaga, basi. Njoo usikie ya mume wangu Kipkurui. Nikipiga chafya, "sorry". Nikiteleza shambani, "sorry", na tayari amenishika mkono. Hata ng'ombe akikohoa anaambiwa. Kila nikiisikia, dada, ni kama nimefunikwa blanketi.

Lakini jana niligundua kuna sorry moja isiyomtoka. Mama alikuwa anakuja kutoka Kipkelion kuona ninakoishi, mara ya kwanza, na Kipkurui ndiye wa kumpokea steji ya matatu. Unamjua Mama, tangu mwanzo alisema naolewa kwa watu asiowajua. Basi bwana akapeleka majani chai kwenye kituo cha kuyapimia, akanogewa na hadithi, akasahau. Simu aliiacha nyumbani kwa chaji. Mama akapanda kilima peke yake kwenye mvua, kiondo mgongoni, viatu vya kanisani vimejaa matope.

Kipkurui alipomkuta jikoni, ulimi ulikwama. Mtu wa kumwambia ng'ombe sorry, kimya. Mama akamwangalia tu. Niliogopa, Beverly. Nilijua Mama akiondoka na moyo ule, hatakanyaga hapa tena.

Mume wangu akainama, akachukua vile viatu, akaenda kuviosha kwa mfereji nje. Alivisugua hadi kwenye nyuzi za soli. Mama akasimama mlangoni akitazama, halafu akasema, "Sorry, Kipkurui. Hayo maji ni baridi."

Kipkurui akainuka na kiatu mkononi. "Hapana, Mama. Hiyo sorry ni yangu."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. "Basi lete viatu, na hiyo yako uilete pia."

Akaileta jikoni pamoja na viatu, kwa mikono miwili. Nilimpenda upya, dada, nikiwa na mwiko mkononi.

Sasa hivi wako shambani wote wawili, Mama amevaa gambuti zangu. Namsikia ameteleza, na bila shaka unajua Kipkurui amesema nini.

Msalimie Eugene, na ukimpigia mjomba Muturi mwambie tuko salama. Fancy, wifi yangu, anakusalimu ingawa hajakuona. Mungu awapashe joto huko mliko.

Ni mimi nikupendaye, sasa mke wa mtu,
Wanjuhi