Makopo Matatu Chini ya Kitanda

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo Kidogo cha Polisi, Mtaa wa Wapagazi, Tabora
Tarehe 14 Novemba 1974, saa 3.20 asubuhi

Jina: Sikuzani binti Mabruki
Umri: miaka sabini hivi
Kazi: msusi wa mikeka
Makazi: Mtaa wa Wapagazi, nyumba ya pili kutoka kisimani
Elimu: hakusoma

Shahidi anaeleza:

Siku nne. Mlimchukua mjukuu wangu Jumapili, leo ni Alhamisi, na hakuna hata mmoja wenu aliyerudi kunigongea mlango aniulize neno. Mpaka nimejikokota mwenyewe na magoti haya. Koplo Kornel ameniamkia vizuri na marahaba yake ameipata, lakini nimemwambia aanze kwa kuandika hilo, naye ameandika.

Mjukuu wangu ni Swaumu binti Shomari, miaka ishirini na sita. Nimemlea tangu mama yake alipofariki. Anafanya kazi ya kupima magonjwa katika maabara ya serikali. Mnasema ni mlanguzi, ameficha sukari wakati watu wanapanga foleni dukani. Makopo matatu mliyoyatoa chini ya kitanda changu ni sukari kweli. Lakini hiyo ni sukari ya maziwa, ya kulishia vijidudu, na haikolezi chai. Najua, kwa sababu niliipikia chai mimi mwenyewe.

Kazi yake naieleza kama alivyonieleza. Anapika uji mzito wenye sukari hiyo na rangi, anaumwaga kwenye visahani vya kioo, ukiganda anapaka kinyesi cha mgonjwa kwa ncha ya waya. Vijidudu vikiila sukari, vinatoka vyekundu. Visipoila, vinabaki vyeupe. Vya homa ya matumbo huwa haviili, ndiyo vinavyojulikana.

Mwezi wa tisa watoto wa kijiji kipya upande wa Goweko, wale waliohamishwa kwa malori, walianza kuugua homa. Visahani vyao vikatoka vyekundu. Mkubwa wake akaandika kwamba si homa ya matumbo. Watoto wakaendelea kuzikwa. Swaumu akarudia kupima, akasema vyekundu hivi ni vile vile vinavyoua, ila vimebadilika, vimejifunza kula kisichokuwa chakula chao. Mkubwa wake akamwambia kitabu hakisemi hivyo, aache kupoteza mali ya serikali. Ndipo akaomba sukari kwa mwalimu wake wa Dar es Salaam, ikaja kwa treni, akaanza kupimia nyumbani, kwenye meza yangu ya mikeka. Mwalimu akamwandikia kwamba anataka kuviona kwa macho yake, vikiwa hai, ili watoto wapelekewe dawa inayofaa. Vilikuwa viondoke kwa treni ya Jumamosi. Ni keshokutwa.

Sasa andika vizuri hapa, Koplo, usiruke.

Mnamo Ijumaa, tarehe 8, jirani yangu Kuluthumu alipata msiba. Mjukuu wake wa miaka minne aliletwa kutoka kijiji hicho hicho akiwa amekwisha kufa. Watu walijaa barazani na ndani hapakuwa na sukari hata ya kulambisha mtoto. Kwetu mfiwa hapokei watu kwa chai isiyo na sukari. Swaumu alikuwa kazini. Nilikwenda chini ya kitanda, nikachota bakuli, nikalibeba mpaka kwa Kuluthumu. Nilitia sukari, nikaonja, nikaongeza, nikaonja tena. Kuluthumu akaniuliza, "Dada, sukari hii umeitia au umeionyesha chai tu?" Alikuwa amelia tangu alfajiri, na hapo akacheka kidogo. Mimi nikajibu kwa sauti kwamba nyumbani yapo makopo matatu, nikaongeze. Lugembe, mgambo, alikuwa kwenye mkeka wa wanaume, kikombe mkononi.

Jumapili saa mbili asubuhi Lugembe alikuja na askari wawili. Aliniuliza kama nafungua duka. Swaumu alieleza, hawakumsikiliza. Alipokuwa anapandishwa kwenye gari hakunilaumu. Aliniambia, "Bibi, vyekundu visife."

Aliyemfunga mjukuu wangu, basi, ni mimi na mdomo wangu. Andika.

Visahani vilikuwa sita. Joto hili limekausha uji, umepasuka kama tope la kiangazi. Vitano vimekufa, nimevitia maji ya dawa kama alivyonifundisha. Kimebaki kimoja, nimekifunika kwa kitambaa kibichi, nacho jana pembeni kimeanza kunyauka. Kuvihamisha najua: unachoma waya mpaka uwe mwekundu, unaacha upoe, unagusa, unapaka kwenye uji mpya. Nimemwona akifanya mara mia. Unga wa uji ninao, rangi ninayo. Sukari mnayo nyie, kwenye kabati lile nyuma ya Koplo. Sitaki makopo. Nataka vijiko vinne. Leo, si kesho.

Kuluthumu ana wajukuu wengine wawili kule. Jana mmoja ameanza homa.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, sijapunguza. Nawe Koplo, ukija kwangu tena usije na kirungu. Nawa mikono kwa sabuni pale mlangoni, usikohoe karibu na meza yangu, na Swaumu atangulie mbele yako kuingia.

(Alama ya dole gumba la kushoto la shahidi)

Nimeyaandika kama alivyosema, nikamsomea, akakubali, saa 4.40 asubuhi. Mkuu wa kituo yuko Urambo hadi Jumatatu. Mtuhumiwa hawezi kutolewa kabla ya hapo.

Saa 4.55, shahidi alipokwisha kuondoka, nimekagua kielelezo: makopo matatu. Kopo la tatu limepungua vijiko vinne kuliko lilivyoandikwa Jumapili. Nimeonja mimi. Si tamu.

Koplo Kornel M.